Namna ya kuiandaa platini juu ya seria (oksidi ya seriamu) ili isijikusanye kwenye joto

Mwanafunzi akija maabara na mradi wa vichocheo, yaani vitu vinavyoharakisha mmenyuko, namuuliza kwanza oksidi inayobeba platini yake ni ipi. Platini ameshaifikiria sana, bei yake inamnyima usingizi. Oksidi huwa ameichukua tu ile iliyopo kabatini. Mimi naamini kazi yake itafaulu au itakufa hapo.

Platini huyeyuka kwenye nyuzi 1768, lakini atomu zake huanza kutembea mapema zaidi. Kipimo cha haraka: chukua kiwango cha kuyeyuka kwa kelvini (nyuzi za Selisiasi ukiongeza 273), ugawe kwa mbili. Platini inakupa nyuzi kama 750 za Selisiasi, paladi 640 hivi, dhahabu chini ya 400. Tena kwenye hewa kuna njia nyingine. Oksijeni huibeba platini ikiwa oksidi yenye kupaa kama mvuke, ikatoka kwenye chembe ndogo ikatua kwenye kubwa. Ni kama matone ya mafuta juu ya mchuzi: madogo yanapotea, makubwa yanazidi kupanuka. Mmenyuko hufanyika usoni mwa chembe tu, kwa hiyo platini iliyozikwa ndani ya chembe kubwa ni fedha iliyotupwa.

Alumina, yaani oksidi ya alumini, ina uso mpana na bei nafuu, ila sehemu zake zinazoishika platini kwa nguvu ni chache. Mwaka 2009 ilionyeshwa kwamba ni pale ambapo atomu ya alumini ina majirani watano wa oksijeni. Zikijaa, platini inayobaki haina pa kushika. Seria ina kingo na vidaraja usoni ambapo platini hufungwa kupitia oksijeni, na kifungo hicho ni imara. Mwaka 2016 timu ya Abhaya Datye wa Chuo Kikuu cha New Mexico ilichanganya unga wa platini-juu-ya-alumina na unga wa seria, ikauchoma kwa nyuzi 800 hewani kwa saa 10. Platini ilihama ikanaswa kwenye seria, atomu mojamoja. Joto lile lile linaloharibu kichocheo kimoja ndilo linalotengeneza kingine, na mpaka leo jambo hili linanisisimua.

Sasa kazi yenyewe. Chagua seria yenye chembe za umbo la vijiti au zenye pande nyingi. Za mchemraba zinanasa vibaya. Ichome kwanza kwa nyuzi 500 itoe unyevu na uchafu. Pima gramu 2, udondoshee maji yaliyokenekwa huku ukikoroga, mpaka unga uanze kushikana bila maji kusimama juu. Andika ujazo huo, kisha rudia na seria nyingine kavu, safari hii kwa mmumunyo wa platini wa ujazo ule ule.

Ukitaka platini iwe asilimia 1 ya uzito, unahitaji miligramu 20 za platini. Mimi hutumia nitrati ya platini yenye amonia nne, kwa sababu haina klorini, na klorini huisaidia platini kuhama. Karibu nusu ya uzito wa chumvi hiyo ni platini, basi pima miligramu 40. Isipoyeyuka yote kwenye maji hayo machache, gawanya mara mbili na ukaushe katikati. Vaa glavu, na fanya kazi ndani ya kabati la kufyonza hewa: chumvi za platini zinaweza kuleta pumu.

Kausha kwa nyuzi 110 usiku mzima. Pandisha tanuri polepole hadi 800, hewa ikipita, saa 10. Usitumie naitrojeni, maana bila oksijeni ule mvuke hautokei na platini haitafika kwenye kingo. Sampuli nyingine usiiweke humo.

Ukimaliza, kagua kwa eksirei ya fuwele, kipimo kinachochora vilele kwa pembe ambazo fuwele hurudisha miali. Ukitumia mirija ya shaba, tazama pembe ya nyuzi 39.8. Platini iliyokua huchomoza hapo, na seria haina kilele karibu. Pakiwa bapa, huna chembe kubwa. Lakini usidai una atomu mojamoja, kwani chembe za chini ya nanomita 2 hazionekani kwa njia hii. Hilo linahitaji hadubini ya elektroni.

Haidrojeni ndiyo adui anayesahaulika. Ukiipitisha kwenye joto, atomu huachia na kuungana kuwa vichembe. Kwenye seria hasara hiyo hurekebishika: rudisha hewani kwa 800, platini itatawanyika tena. Kampuni ya magari ya Daihatsu ilifuata wazo la jamaa hiyo kwenye moshi wa magari, kwa paladi inayoingia na kutoka ndani ya oksidi ya lanthani, chuma na kobalti, kazi iliyochapishwa 2002.

Kwenye chupa andika joto la mwisho, saa zake, na gesi ya mwisho iliyopita. Bila hiyo gesi, atakayeipokea hatajua platini imekaa katika hali gani.