Jinsi ya Kumtambua na Kumlinda Nyuki Mchimbaji wa Aivi

Nyuki huyu, Colletes hederae, alitambuliwa kuwa spishi ya pekee mwaka 1993 tu, na Uingereza bara alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 2001, huko Dorset, kwenye pwani ya kusini. Mtafute kuanzia Septemba hadi mwanzoni mwa Novemba, aivi (mmea unaotambaa kwenye kuta na miti) inapochanua, wakati ambapo nyuki wengi wanaoishi peke yao wamekwisha kutoweka. Chuchumaa karibu na maua umtazame vizuri: kifua kina manyoya ya hudhurungi, na tumbo limezungukwa na mistari ya manjano iliyokolea. Kisha chunguza miteremko ya udongo wa kichanga inayopata jua; kila jike huchimba tundu lake mwenyewe, ingawa matundu huweza kufika mamia mahali pamoja, na kuta za vyumba vya mayai huzipaka ute unaokauka na kuwa utando mwembamba usiopenyeza maji. Madume wanaozunguka hapo hawana mwiba, na majike ni wapole mno, basi tafadhali usimwage sumu. Usilime wala kusakafia eneo hilo hata majira ya baridi, maana watoto wao wamo ardhini hadi Septemba ifuatayo, na aivi ipogolewe baada tu ya kumaliza kuchanua.