Kughani shairi la mpira uwanjani: ninavyofanya mimi

Mtu aliyekuja kutazama mechi hakuja kusikiliza shairi. Unaghani wakati wa mapumziko, watu wamesimama, muuza ubuyu anapita, na kila neno litasikika mara moja tu. Naghani kwenye mabonanza ya hapa Pemba, na kila ninachokifanya kinatokana na hali hiyo.

Hatua ya 1: Anza na kituo. Mshororo wa mwisho ndio watu watakaoupokea, kwa hiyo utunge kabla ya mingine na uurudie kila ubeti. Huu ni wangu, kuhusu uwanja wetu wa Gombani, pamoja na ubeti wake wa kwanza:

Jua lazama Gombani, watu tele wamefika,
Winga wetu yu pembeni, beki wao kaanguka,
Krosi yatua kichwani, kipa bure anaruka,
Mpira umo nyavuni, Gombani yatikisika.

Hatua ya 2: Hesabu mizani kwa mdomo. Mizani ni silabi. Kila kipande, yaani nusu ya mshororo, ni mizani 8, mshororo mzima 16. Gonga kidole mezani ukitamka. "Mpira" ni mizani 3, maana ile *m* inasimama peke yake. "Gombani" nayo ni 3, kwa sababu *mba* inatoka kwa pamoja. "Krosi" ni 2. Maneno ya kukopa ndiyo yanayoangusha wengi: "penalti" inanikwama ulimini, basi naghani "penati", mizani 3, na uwanja mzima unaelewa.

Hatua ya 3: Tunga miisho miwili. Desemba 2017 Zanzibar Heroes, timu yetu ya taifa, ilipofika fainali ya Kombe la Chalenji la CECAFA dhidi ya Kenya kule Machakos, nilitunga beti sita za ubingwa, nikakumbushia na kombe tulilolichukua 1995. Niliahidi kuzighani barazani usiku uleule. Ikawa sare ya 2-2, penati zikatutoa. Watu wamekaa kimya, wananitazama, nami sina hata mshororo mmoja wa kuwapa. Vijana wale walistahili kusifiwa usiku ule kuliko usiku wowote, na bado inaniuma. Tangu hapo ubeti wa mwisho nauandika mara mbili, wa kushinda na wa kushindwa, na ule wa kushindwa naufanyia kazi zaidi.

Hatua ya 4: Wafundishe watu kituo. Kabla ya ubeti wa kwanza waambie: "Nikisema *Mpira umo nyavuni*, nyinyi malizieni." Jaribuni mara mbili. Watoto ndio watakaokuitikia mwanzo, waelekee wao.

Hatua ya 5: Pumzi. Vuta pumzi kwenye kina cha kati, pale kipande cha kwanza kinapoishia, kamwe usikate neno. Mshororo wa tatu ndio mgumu. Goli liko karibu, ulimi unataka kukimbia. Usikubali. Ukifika "kichwani" ivute ile *ni*, shusha sauti, nyamaza kidogo. Utaona shingo zinanyooka. Ndipo umrushe kipa, kisha uachie kituo kwa sauti kamili.

Maiki iwe umbali wa ngumi moja kutoka mdomoni, na upepo uupe mgongo. Mahadhi chagua yale uliyoyazoea tangu chuoni (madrasa) au harusini, si ya kujifunza jana.

Beti tano zinatosha. Refa akishika kipenga ukiwa kwenye ubeti wa nne, ruka moja kwa moja hadi wa mwisho, waache watu wamalizie kituo, utoke uwanjani.