Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuwapeleka Vijana Kambi ya Baridi

Vijana wa Unguja na Pemba wakiambiwa kuna kambi Lushoto mwezi wa Julai, hufungasha kama wanaokwenda Nungwi: fulana, kikoi na kandambili. Kipupwe chetu kina upepo mwingi kuliko baridi. Lushoto iko kwenye kimo cha mita 1,400 hivi, na kwa kila mita 1,000 unazopanda joto hupungua kwa nyuzi zipatazo 6, kwa hiyo anayesimamia safari asipange kwa kukisia.

Ruhusa ya wazee ichukuliwe kwa maandishi. Mahema yasimamishwe kwanza uwanjani hapa nyumbani, yamwagiwe maji na kukaguliwa mishono. Kila kijana awe na sweta, kofia na soksi jozi tatu. Za mtumba kutoka Darajani zinatosha kabisa. Nguo za kulalia zisivaliwe mchana, kwani jasho lililokauka nusu ndilo linalomtetemesha mtu usiku.

Wazee waulizwe waziwazi kuhusu pumu na seli mundu. Baridi inaweza kumwamshia mwenye seli mundu maumivu makali ya mifupa, na kijana huyo asiondoke bila ya ushauri wa daktari wake, hata akilia kwamba wenzake wanamwacha.

Chini ya mwili pawekwe vitu vingi kuliko juu, kwa sababu ardhi hunyonya joto la aliyelala usiku kucha. Mkeka mmoja hautoshi. Zitandikwe nyasi kavu, juu yake turubai, kisha godoro la sponji.

Sasa nisikilizwe vizuri kuhusu seredani, yaani jiko la makaa. Mwaka wangu wa kwanza wa kuongoza kambi huko, tulimaliza kupika, makaa yakabaki mekundu chini ya jivu, na vijana wanne wakaniomba waliweke seredani mlangoni mwa hema lao wapate joto. Nikakubali, kwa kuwa halikuwa likitoa moshi hata kidogo. Nilipokwenda kulala wakaliingiza ndani, wakafunga zipu na kuziba upenyo wa chini kwa kikoi. Usiku wa manane nilisikia mtu anatapika. Nilipofungua hema, mmoja alikuwa ameketi ameshika kichwa, wawili hawakuitika mpaka nilipowatikisa kwa nguvu, na wa nne alijaribu kusimama magoti yakamkunjika. Tuliwaburura nje kwenye hewa, tukawakimbiza hospitali wakapewa oksijeni, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu wote walirudi kwa wazee wao.

Makaa yanayowaka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huishika damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kutokuwepo kwa moshi si usalama. Aliyelala huweza kufa bila ya kuamka. Kwa hiyo makaa yazimwe kwa maji mbele ya macho ya kiongozi, na seredani lilale mbali na mahema. Anayetaka joto ajaziwe chupa ya maji ya moto, ifungwe vyema na kuviringishwa soksi. Wawili wenye maumivu ya kichwa kwa wakati mmoja ndani ya hema moja watolewe nje kwanza, maswali yafuate baadaye.

Vijana washibe kabla ya kulala na wakojoe. Wahesabiwe jioni, wahesabiwe tena usiku kwa tochi. Kusi la Julai huchafua bahari, basi iwekwe siku moja ya akiba kabla ya kuvuka, na gari liondoke Mombo kupanda mlima mchana, kwa sababu hema linalosimamishwa gizani na watoto waliochoka kwa kutapika njiani huachwa nusu, na kwenye milima ile mvua huweza kunyesha hata msimu wa kiangazi.