Jinsi ya kupima afya ya fedha ya asasi ndogo mwaka hadi mwaka

Bodi nyingi za asasi ndogo hutazama kwanza salio la benki, nalo ndilo linalozipotosha zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya fedha hizo mfadhili amekwisha kuipangia kazi.

Anza, basi, kwa kutenganisha. Tuseme tarehe 31 Desemba akaunti ina shilingi milioni 48, na milioni 39 kati ya hizo ni ruzuku ya mradi ambayo haijatumika. Zinabaki milioni 9. Ukitoa milioni 3 za michango ya NSSF na kodi ya pango mnazodaiwa, zinabaki milioni 6. Ikiwa mishahara, pango na umeme hugharimu milioni 4 kwa mwezi, asasi iliyoonekana kuwa na neema inaweza kujiendesha kwa mwezi mmoja na nusu tu.

Rudia hesabu hiyo kwa miaka mitano iliyopita. Kwa Tanzania, Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya 2002 inadai taarifa kila mwaka, kwa hiyo karatasi zinapaswa kuwamo kabatini. Nakisi ya mwaka mmoja isikutishe: huenda ruzuku iliingia Novemba na kutumika mwaka uliofuata. Hatari hasa ni pale mapato yote yanapopanda huku fedha zisizo na masharti ya mfadhili zikipungua. Hapo ujue kwamba kila mradi mpya unakula akiba yenu, kwa kuwa andiko la kuombea ruzuku lililipia semina na mafuta ya gari, likasahau sehemu ya mshahara wa mhasibu na pango la ofisi. Ziandikeni gharama hizo katika bajeti tangu mwanzo, na mzitetee mbele ya mfadhili bila haya.

Pima pia mfadhili mkubwa kuliko wote anabeba asilimia ngapi ya mapato. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, asasi zilizomtegemea mfadhili huyo mmoja hazikupata hata muda wa kujipanga.

Mwisho, pekua daftari la fedha ukitafuta mahali ambapo fedha za mradi mmoja zilichukuliwa kulipa mishahara ya mwingine, pengine kwa maelezo mafupi ya penseli kwamba zitarudishwa. Kila azimo la namna hiyo ni deni. Liingizeni kwenye hesabu pamoja na tarehe ya kulilipa, na mweka hazina alisome mbele ya bodi kila robo mwaka hadi liishe.