Kupata chumba unachokimudu Sinza na Manzese: hatua kwa hatua, kutoka kwa dalali

Mimi ni dalali wa nyumba Dar es Salaam, na swali ninaloulizwa kila siku ni moja: "Kaka, una chumba cha laki?" Ninacho. Ila chumba cha laki kinaweza kukutafuna kuliko cha laki na nusu, na hiyo hesabu dalali hakupigii. Sisi tunachukua ujira wetu, sawa na kodi ya mwezi mmoja, ukishalipia, uishi humo kwa raha au kwa karaha. Ipige mwenyewe kabla ya kunipigia simu.

1. Anza na nauli

Tuseme unafanya kazi Kariakoo. Umepata chumba cha ndani ndani huko Kimara, na bodaboda hadi kituo cha mwendokasi ni 1,000. Kwenda na kurudi kwa siku 26 ni 52,000, na basi lenyewe hujalipanda. Ongeza kwenye kodi, halafu linganisha na chumba cha Manzese ambako unatembea kwa miguu hadi kituo cha mwendokasi cha Tip Top. Mara nyingi Manzese inashinda, ingawa watu wanaiogopa kwa jina tu. Ukiitaka Sinza na mfuko haukubali, ulizia vyumba vya uani, nyuma ya nyumba kubwa.

2. Elewana na dalali mapema

Sema unataka nini: chumba kimoja, masta (chenye choo na bafu ndani), au chumba na sebule, choo cha ndani au cha kushirikiana. Kubaliana naye hela ya kukuzungusha ni kiasi gani na inahusu nyumba ngapi. Kodi yenyewe usimpe dalali, hata akiwa mimi.

3. Kagua bila haraka

Hapa ndipo watu wanapoumia. Wanaangalia vigae na jipsamu, wanalipia.

Anza na LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Uliza mita ni ya chumba chako au mnachangia. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, mita ya matumizi madogo hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi za serikali, mwisho uniti 75 kwa mwezi; zikizidi, kila uniti ni 350. Wapangaji wanne kwenye mita moja, mmoja ana friji, mwingine anapiga pasi nguo za watu: hizo 75 zinaisha mapema, na ugomvi unaanza. Mwombe mpangaji akuonyeshe ujumbe wa mwisho wa kununua umeme. Elfu kumi ikitoa uniti 28 hivi, ujue mita iko daraja la juu. Uliza pia nani anabeba kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, lakini mdaiwa ni mwenye nyumba, kwa hiyo mkubaliane mapema atakurudishiaje.

Kwenye maji, usimuulize mwenye nyumba kama yapo. Waulize akina mama wanaofua uani yanatoka siku zipi, na yakikatika wananunua wapi. Ndoo zikiwa zimepangwa mstari kuanzia mlangoni, umeshajibiwa. Kama ni kisima, onja. Vingine vina chumvi.

Kisha mvua. Nyumba zilizo karibu na Mto Ng'ombe au bonde la Msimbazi huwa nafuu, na sababu utaiona ukutani: mstari wa rangi ya udongo usawa wa goti, au rangi mpya iliyopakwa sehemu ya chini tu. Tazama mlangoni. Mtu hajengi kizingiti cha tofali mbili kwa urembo.

Rudi tena usiku, peke yako. Baa ya jirani uliyoikuta imefungwa saa nane mchana, kelele zake za usiku bado huzijui.

4. Mjue mwenye nyumba

Nenda ofisi ya serikali ya mtaa, uliza nyumba ile ni ya nani. Dakika chache tu. Nyumba za urithi ndizo zenye kesi: kaka anapangisha, dada anakuja kukutoa. Ukikuta mgogoro wa ndugu, achana nayo hata kama bei ni ya kutupa.

5. Kodi na mkataba

Wengi watakutaka miezi sita, wengine mwaka. Chumba kilichokaa tupu muda mrefu kinakupa nguvu ya kuomba mitatu. Vumbi sakafuni na utando wa buibui dirishani vitakuambia. Akikataa kushusha bei, omba apake rangi au abadilishe bomba la choo kabla hujaingia, na iandikwe. Mkataba utaje kiasi, tarehe, notisi ya kuhama na nani analipia kunyonya choo. Lipa kwa benki au simu, jina la mpokeaji liwe lile la kwenye mkataba.

6. Siku ya funguo

Piga picha kila ufa na kila taa isiyowaka, umtumie mwenye nyumba siku hiyohiyo. Hakikisha hakuna deni la maji. Halafu badilisha kitasa: aliyehama huenda bado ana ufunguo, na dalali aliyekuonyesha chumba naye aliupata mahali.