Unataka besi ya hiace kichwani? Anza na pedi, ampu baadaye

Karibu kila wiki kuna mtu ananiuliza nataka hedifoni zenye besi kali, ninunue zipi na ampu gani (ampu ni kile kifaa cha kuipa sauti nguvu), na mimi jibu langu ni lilelile mpaka naonekana namzingua: kabla hujatoa hela yoyote vaa hizo ulizonazo, weka ngoma yenye besi, afu zikandamize taratibu na viganja vyote viwili kuelekea masikioni. Besi ikiongezeka ghafla basi ampu haikuhusu kwa sasa, hewa inatoka tu hapo pembeni.

Ngoja nielezee maana hapa ndo hela za watu zinapotelea. Sabufa inasukuma hewa ya chumba kizima, ndo maana ukikaa siti ya nyuma kwenye hiace ya Sakina, Arusha, besi unaisikia mgongoni na tumboni kabla hata ya masikio. Hedifoni ina kispika cha milimita 40 au 50 hivi, kazi yake ni kusukuma kile kihewa kidogo kilichobaki kati yake na sikio lako basi. Kihewa hicho kikifungiwa vizuri besi inashuka mpaka chini kabisa, kikipata upenyo hata wa unene wa mkono wa miwani besi inatoka nje na wewe unabaki na tsi tsi tsi ya haihati, yale matasa ya ngoma. Sauti nyembamba hata haziathiriki sana, inayoondoka ni besi, tena ile ya chini kabisa ndo inatangulia.

Kwaiyo angalia maisha yako kwanza. Una rasta nene? Unavaa miwani? Dada unavaa hijabu na hedifoni inakaa juu ya kitambaa? Wewe ni wa Arusha, na mwezi wa saba mzula hautoki kichwani? Wote nyie hedifoni za kufunika masikio zitawadai besi kila siku, na kwenu nyie iafoni za kuingiza ndani zenye viraba ndo mkombozi, hata za bei ndogo. Ila chagua kiraba kinachokutosha. Kwenye boksi huwa kuna saizi tatu na watu wengi wanatumia ile iliyokuja imevalishwa tu, hizo nyingine zinaozea kwenye droo, wakati hata masikio yako mwenyewe mawili yanaweza kuwa na saizi tofauti. Kiraba sahihi ukikivaa unasikia dunia imezimika kidogo na sauti yako mwenyewe inavuma kichwani. Hapo besi umeipata bila kununua kitu kipya.

Watu wa Moshi shida yenu nyingine, ni jasho. Zile pedi laini zinazokaa masikioni, za ngozi feki, zikilowa kila siku zinaanza kubabuka kama ngozi ya nyoka, sponji inalala, na mwenye nazo analalamika hedifoni zimechoka. Hazijachoka, badilisha pedi. Ila kabla ya kununua pima upana wa kikombe cha hedifoni, pale pedi inapovalishwa, na rula, maana pedi ambayo si saizi yake inaacha mwanya na umerudi palepale.

Sasa kuchagua zenyewe. Kitu cha kwanza kujua kuna zilizofungwa mgongo na zilizo wazi zenye vinyavu nyuma. Ukitaka besi nenda na zilizofungwa. Zile za wazi ni tamu sana kwa sauti za waimbaji na magitaa, Sennheiser HD 650 kwa mfano ni hedifoni inayoheshimika dunia nzima, ila mtu wa amapiano ukimvalisha hizo atakurudishia akuulize sabufa iko wapi. Usiambiwe kitu ghali ndo kina besi, haviendi hivyo.

Pili jua unataka besi gani, maana ziko mbili na wauzaji wanazichanganya makusudi. Kuna ya chini kabisa, kati ya hezi 20 na 60 (hezi ni mitetemo kwa sekunde), hiyo ni ya kutetemesha, unaihisi zaidi ya kuisikia. Afu kuna ya juu yake mpaka hezi 250 hivi, ndo inayogonga, kiki ya ngoma na mwili wa gitaa la besi viko humo. Hedifoni nyingi za bei rahisi zilizoandikwa besi besi kwenye boksi wamepandisha hapo kwenye 100 mpaka 200 tu kwasababu ndo rahisi, dakika mbili za kwanza unasema noma sana, ukifika wimbo wa tatu kila kitu kinasikika kama kinapigwa ndani ya pipa na msanii anaimba chini ya blanketi. Mimi naita besi ya pipa. Ikwepe.

Ya kuikamata ni hivi. Nenda dukani na simu yako na nyimbo zako, usikubali kujaribishiwa na wimbo wa muuzaji, ule ameuchagua kwa sababu zake. Chukua moja ya amapiano yenye log dram nzito, ile besi yake inayodunda, hapo unasikiliza inashuka mpaka wapi na ikishuka inakoroma au inabaki safi. Afu weka singeli. Watu hawaamini nikiwaambia singeli ndo mtihani mkubwa wa besi ila piga hesabu, mdundo unapita 200 kwa dakika, kwaiyo kila sekunde moja zinapita kiki zaidi ya tatu, hedifoni yenye besi ya pipa kiki ya kwanza haijaisha ya pili imeshafika, unasikia mngurumo mmoja tu kama jenereta. Hedifoni nzuri utazihesabu moja moja. Kama una app ya kutoa toni kwenye simu anza hezi 20 upande taratibu, sauti iwe ndogo, uone inaanza kusikika vizuri wapi. Ikiwa kimya mpaka 60 huko na umeikandamiza vizuri masikioni, irudishe kwenye boksi umwambie mangi asante.

Majina? Zipo ambazo nimezivaa au nazijua vizuri. Beyerdynamic DT 770 Pro imefungwa mgongo, besi yake inashuka sana, na kaa ukijua imetengenezwa ya omu 32, 80 na 250 (omu ni kipimo cha jinsi inavyoukinza umeme), kwa macho zinafanana, kwaiyo soma namba kabla hujalipa, sababu nakuja kuieleza. Audio-Technica ATH-M50x ni omu 38, hiyo simu inaiendesha bila shida, besi yake ya kugonga ni nzuri ila haina ukali wa kichaa. Skullcandy Crusher ndo habari nyingine kabisa, ile ina kitu ndani kinachotikisika chenyewe na kiko na swichi ya kuongeza mtikisiko, ndo kitu pekee kinachokaribia ile hali ya hiace maana inatikisa mpaka shavu. Mimi ilinichosha nusu saa, mdogo wangu hataki kuivua. Sony nao wana hedifoni za blutuu za wapenda besi, na kwenye app yao kuna sehemu ya kuongeza besi toka hasi 10 mpaka chanya 10, ila feki zake zimejaa, so ukipewa ya elfu 25 kwenye meza ya barabarani na ikagoma kabisa kuonekana kwenye app unajua umeshika nini.

Hapohapo niseme: hedifoni za blutuu zina ampu yake ndani tayari. Kununua ampu ya nje kwa ajili ya hedifoni unazotumia kwa blutuu ni kama kununua jiko la gesi wakati unakula hotelini. Nimeona mtu kafanya hivyo, tena na risiti anayo.

Haya ampu. Inafanya nini hasa? Haitengenezi besi. Inatoa nguvu, na besi ndo inayokula nguvu kuliko kitu chochote kwenye wimbo. Tuseme kiadapta cha Type-C kwenye simu yako kinatoa volti 1. Kwenye hedifoni ya omu 32 hiyo ni miliwati kama 31, zinatosha na kubaki. Kwenye ya omu 250 volti hiyohiyo inatoa miliwati 4 tu. Ndo maana jamaa ananunua DT 770 ya 250 sababu kaambiwa ni ya wataalamu, anachomeka kwenye simu, anapandisha sauti mpaka mwisho, afu anakuja kusema besi iko wapi. Angechukua ya 32 asingehitaji ampu hata kidogo.

Ila kuna sababu nyingine ya ampu ambayo haisemwi sana nayo ni ekwalaiza, ile sehemu ya kupandisha na kushusha besi na sauti nyingine. Wewe mpenda besi lazima utagusa ekwalaiza, tusidanganyane. Ukipandisha besi kwa desibeli 3 umeomba nguvu mara mbili, ukipandisha 6 umeomba mara nne, ukipandisha 10 umeomba mara kumi kwenye hizo sauti za chini. Simu haina hiyo akiba, ikifika mwisho inakata kichwa cha wimbi na ndo unasikia ile kukwaruza kama spika ya mnadani. Kwaiyo fanya hivi: ukipandisha besi 6 shusha priampu ya ekwalaiza, yani ile ya sauti nzima, kwa 6 hiyohiyo, kwenye kompyuta ya Windows kuna Equalizer APO ni ya bure na sehemu hiyo iko wazi kabisa, kwenye Android kuna Wavelet. Pandisha kuanzia hezi 100 hivi kushuka chini, usiguse 200, huko ndo kwenye pipa. Sauti nzima itapungua, na hapo sasa ndo ampu inaingia kukurudishia hiyo sauti uliyoishusha, ikiwa na nguvu ya kutosha kubeba besi bila kukwaruza. Hiyo ndo kazi yake, kwa mpenda besi mwenye hedifoni za kawaida sijaona kazi nyingine kubwa zaidi.

Ukinunua angalia vitu vichache. Omu za tundu la ampu zenyewe ziwe ndogo, kanuni ya mafundi ni zisizidi moja ya nane ya omu za hedifoni, yani hedifoni ya 32 ampu isizidi 4. Hii ndo inayowaponza wanaochomeka kwenye ile redio kubwa ya mzee sebuleni, nyingi za zamani zile tundu la hedifoni limewekewa rezista ya omu 100 na zaidi, besi inavimba, inalegea, mtu anasema redio za zamani zina besi bwana. Ni kuvimba huko. Swichi ya geini, ile ya kuchagua ampu ikuze sauti kiasi gani, iweke chini kwa iafoni, usipofanya hivyo utasikia shiii hata wimbo ukiwa umesimama. Na kama hela inaruhusu chukua ampu ya USB au yenye betri, umeme ukikatika inaendelea na laptop au simu, afu haikuletei ule mvumo wa hezi 50 wa kwenye ukuta.

Halafu ampu za mtumba. Zinakuja nzuri na bei zinashawishi, mimi mwenyewe nilinunua moja soko la Memorial pale Moshi, chuma kizito, nikafika nyumbani Arusha na furaha yangu nikachomeka, ikatoa moshi kabla sijavaa hata hedifoni. Nyuma imeandikwa 120V, ilikuwa ya Marekani, na ukutani kwetu ni 230. Geuza kitu usome mgongo wake kabla hujatoa hela. Ikiwa ya 120 sio lazima uiache ila jumlisha bei ya transfoma ya kushusha, na mara nyingi ukishajumlisha unakuta mpya ya USB ilikuwa nafuu.

Kuhusu masikio nasema kidogo. Besi inadanganya sababu haiumi, unapandisha tu, na ukiipunguza unaiona imepotea kabisa kwasababu sikio la binadamu likisikiliza kwa sauti ndogo linaziacha kwanza sauti za chini. Kipimo cha WHO, shirika la afya duniani, ni desibeli 80 kwa masaa 40 kwa wiki, na kila ukiongeza 3 muda unakatwa nusu, so 83 ni masaa 20, 86 ni masaa 10. Ukitaka besi zaidi pandisha besi, usipandishe kila kitu.

Mwisho ile kesi ya "hedifoni zangu zilikuwa na besi sasahivi hazina". Kama pedi ni nzima, sikiliza msanii. Sauti yake ikiwa imepotea pamoja na besi na umebaki na vinanda vya pembeni tu kama karaoke, jeki haijaingia mpaka mwisho au waya wa ethi, ule unaotumiwa na pande zote mbili, umekatika, toa simu kwenye kava uchomeke tena kabla hujaenda popote. Kama tatizo limeanza baada ya kutengenezewa, mfano umetoka kwa fundi pale Kilombero, Arusha, kabadilisha jeki na pande zote mbili zinaongea lakini muziki unasikika kama uko nje ya kichwa na besi haina mahali pa kukaa, kageuza nyaya za upande mmoja, kispika kimoja kinasukuma wakati mwenzake anavuta. Weka sauti ya mtu anayeongea tu, taarifa ya habari mfano, isipokaa katikati ya kichwa rudi na hedifoni zako umwambie ageuze zile nyaya mbili za upande mmoja. Ni kazi ya dakika tano, na usimlipe tena.