Somo: Kuifuata elektroni ndani ya jani, kutoka kwenye maji hadi NADPH

Wanafunzi wa PCB na CBG (michepuo yenye kemia na biolojia), leo ni usanisinuru. Chora utando wa thailakoidi, vifuko vya ndani ya kloroplasti vinavyonasa mwanga: mistari miwili mirefu, juu yake andika stroma (umajimaji wa nje ya kifuko), chini lumeni (nafasi ya ndani yake). Bila mchoro somo litakuponyoka.

1. Anzia fotosistimu II, mojawapo ya mashine mbili za protini na klorofili zinazonasa mwanga. Namba zilifuata mpangilio wa kugunduliwa, usihangaike nazo. Mwanga ukiipiga klorofili ya P680, iliyo katikati ya fotosistimu hiyo, elektroni moja inapata nguvu na kuondoka.

2. Pengo lazima lizibwe, na hapa ndipo patamu. P680 iliyopokonywa elektroni huwa na uchu mkali kiasi cha kuipora kutoka kwenye maji, kupitia kishada cha atomu 4 za manganizi na 1 ya kalsiamu. Molekuli 2 za maji hutoa elektroni 4, protoni 4 na molekuli 1 ya oksijeni, lakini si kwa mkupuo: P680 ipigwe mwanga mara 4 ndipo oksijeni itoke. Kwa hiyo oksijeni hutoka kwenye maji, si kwenye kabonidioksaidi. Wengi hupoteza maksi hapo.

3. Elektroni iliyoondoka hupita kwa wabebaji kwa zamu: plastokwinoni huipokea, kisha saitokromu b6f, kisha plastosianini yenye shaba. Njiani protoni huingizwa lumeni. Zikirudi stroma kupitia kimeng'enya cha ATP sintesi, ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, hutengenezwa.

4. Fotosistimu I huipandisha tena kwa mwanga, feredoksini huipokea, na NADP+ ikipata elektroni 2 pamoja na protoni huwa NADPH, inayobeba elektroni za kutengenezea sukari.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Huku Mbozi tunapiga atrazini, dawa ya magugu, kwenye mahindi. Inaingia wapi hapo?*

Marahaba. Hatua ya 3. Atrazini hukalia kiti cha plastokwinoni kwenye D1, protini ya fotosistimu II, elektroni zinakwama. Gugu halifi kwa njaa tu: nguvu ya mwanga isiyo na pa kwenda huzalisha oksijeni kali inayochoma utando. Mahindi yana vimeng'enya vinavyoiharibu atrazini mapema.

*Na parakwati, ile dawa nyingine ya magugu?*

Hiyo huziiba elektroni fotosistimu I na kuzikabidhi kwa oksijeni. Ndiyo maana jua likiwaka, majani hukauka haraka.

*Njombe mwezi wa sita asubuhi ni baridi kali, ila jua linawaka. Viazi vinaathirika?*

Ndiyo. Mwanga hunaswa kama kawaida, lakini baridi hupunguza kasi ya vimeng'enya vinavyotumia NADPH. NADP+ inaadimika, foleni ya elektroni inarudi hadi fotosistimu II, na D1 huharibika. Mmea hutoa sehemu ya nguvu hiyo kama joto na kutengeneza D1 mpya, ila kwenye baridi ukarabati nao huchelewa.